Kisu cha sigari: tunatunza chombo kwa ajili ya nani?

Swali la kurasa hizi lilizaliwa na kitu kidogo sana, kinachoingia mfukoni pamoja na funguo. Mwaka wa 2006, wakati wa kiangazi, chama chetu kilikutana hapa Likasi kuzungumza juu ya urithi wa nyumba. Kila mmoja aliombwa alete kitu cha zamani. Mama mmoja akaleta kinu cha bibi yake. Mwingine akaleta kipande cha msalaba wa shaba, ile ambayo wazee walikuwa wanayeyusha mbele ya wazungu kufika. Muzee mmoja wa Panda akafungua kitambaa cheupe, akaweka mezani kisu cha sigari.

Wengi wetu hatukukitambua. Hatusemi hapa sigara ya karatasi, ile ya kununua moja moja barabarani. Sigari ni tumbako nene, majani matupu yaliyoviringishwa, na kichwani imefungwa kwa kofia ya jani. Mbele ya kuivuta, kofia ile inakatwa kidogo, kama milimita mbili hivi. Kisu chake kina tundu katikati na mapanga mawili yanayokutana, moja toka kushoto, moja toka kulia. Kinang'aa kama kilitoka dukani jana. Watu wakacheka: urithi gani huu? Muzee hakukasirika. Akatueleza.

Alianza kazi ya boi mwaka wa 1958, katika nyumba ya injinia mmoja, wakati mji ungali unaitwa Jadotville. Kila jumapili, baada ya chakula, kazi yake ilikuwa kusafisha kile kisu. Mji ukabadili jina mwaka wa 1966. Mwaka uliofuata mali ya Union Minière, kampuni iliyoanza 1906, ikaingia mikononi mwa taifa, na yule injinia akarudi kwao Ubelgiji. Kisu kilibaki ndani ya droo. Hakikuwa zawadi, kilisahauliwa tu. Tangu siku ile mpaka siku ya mkutano wetu, karibu miaka 40, muzee aliendelea kukisafisha kila jumapili. Na yeye mwenyewe hajavuta sigari hata siku moja.

1. Kazi yenyewe

Tulimwomba atuonyeshe. Tunaandika hapa alichofanya, maana mawazo bila mikono hayafiki mbali.

Tumbako ina mafuta yake na utomvu wake. Kila mara inapokatwa, inaacha kitu chembamba juu ya chuma. Siku ya kwanza hukioni. Baada ya mwezi kinakuwa kama gundi, kinashika vumbi na vipande vya majani, mapanga yanaanza kukwama. Mtu akiona yamekwama anakaza mkono kwa nguvu, na hapo ndipo anaharibu vyote viwili. Panga butu halikati, linabana: jani la nje linapasuka na sigari yote inafunguka.

Muzee alianza na mswaki mkavu, akatoa vumbi pembeni ya tundu na ndani ya njia ambamo mapanga yanapita. Kisha kitambaa chenye maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Hakukitia ndani ya maji, kwa sababu maji yakiingia kwenye parafujo na springi hayatoki upesi, na kutu inaanzia mahali ambapo jicho halifiki. Penye gundi ngumu alipitisha pamba yenye alikoli ya dawa. Akakausha palepale. Mwisho, tone moja tu la mafuta ya cherehani katika njia ya mapanga, akafungua na kufunga mara kumi, kisha akapangusa mafuta yote yaliyobaki, yasije yakaingia katika tumbako. Mawese hapana: yanaganda, yananuka, na vumbi linayapenda. Kunoa alikuwa anafanya mara chache sana, kwa jiwe laini, upande wenye mteremko tu. Kisha akajaribu kwa karatasi. Ikikatika bila kuacha nyuzi, kazi imekwisha.

Yote yalichukua muda wa kunywa chai. Lakini hapa kwetu muda ule una maana. Toka Novemba mpaka Machi hewa imejaa maji, na watu wanaokaa upande wa Shituru, penye kiwanda cha shaba cha tangu 1929 na asidi yake, wanajua namna mabati yanavyoliwa. Chuma kilichoachwa katika mji huu hakingoji mtu.

2. Swali la kijana

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akasimama. Alisema kwa heshima, lakini alisema:

« Papa, utusamehe. Ule muzungu alikwendaka tangu 1967. Juu ya nini weye ungali boi yake? »

Chumba kikanyamaza. Hatukutaka kumwaibisha muzee, lakini swali lilikuwa la haki, na wengi tulikuwa nalo moyoni. Wazazi wetu walijifunza usafi wa mashine chini ya macho ya kapita. Mashine ikiwa chafu, posho inapungua, na zamani za nyuma zaidi mgongo ulilipa. Mtu aliyefundishwa namna hii, je, tuseme ana wema wa kutunza, ama ana woga tu uliozoea mikono yake?

Wenye kufikiri kama yule kijana wana sababu ya pili, na ni nzito. Angalia kilichotokea. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka wa 1994 hazikufika hata 40,000. Sababu ni nyingi: mgodi wa Kamoto ulioanguka mwaka wa 1990, siasa, fedha zilizochukuliwa bila kurudishwa katika mashine, vita vya watu wenyewe kwa wenyewe. Lakini sisi tuliokaa hapa tuliona pia vyombo vinatoka karakana usiku, na mota zinauzwa kwa kilo kama mitraille. Basi, wanasema, utunzaji ule haukuwa wetu hata siku moja. Ulikuwa wa msimamizi. Alipoondoka akaondoka nao.

3. Wazee wa mbele

Hatukubali yote. Mbele ya kampuni yoyote, nchi hii ilikuwa na mafundi wa shaba. Walifanya kazi wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makala, wakavuvia moto kwa viriba, na fundi mkubwa akawafundisha wadogo. Askofu Jean-Félix de Hemptinne alichapisha habari zao mwaka wa 1926, akawaita walaji wa shaba. Hakukuwa kapita nyuma ya kiriba. Lakini ngozi ya kiriba ikikauka inapasuka, na kiriba kikipasuka moto unashuka, na moto ukishuka kazi ya majuma mengi inapotea. Mtu alitunza kwa sababu wenzake walisimama pale wakimtegemea.

Kwa hiyo utunzaji hatukuuletewa ndani ya sanduku pamoja na kisu cha sigari. Tuliouletewa ni utunzaji wa namna moja, ule wa kumwogopa mwenye mali. Na tulipouzoea, tukasahau ule mwingine.

4. Tusiwahukumu wenye njaa

Hapa lazima tuseme jambo moja, ama maandishi haya yatakuwa ya uongo. Ni rahisi mtu aliyeshiba kuhubiri mafuta na mswaki. Katika miaka ile watu walikaa miezi na miezi bila mshahara. Artikle 15 ikawa sheria ya kila nyumba: jitafutie. Baba aliyeuza bisibisi ili mtoto ale jioni, hatumwiti mwizi katika kurasa hizi. Chombo ni kwa ajili ya mtu, mtu si kwa ajili ya chombo.

Lakini si kila aliyeacha chombo kiharibike alikuwa na njaa. Mmoja wetu alifanya kazi katika karakana moja ya mji huu, kwenye mashine ya kukata mabati. Ukiitazama, ni ndugu mkubwa wa kisu cha sigari: panga la juu linashuka juu ya panga la chini. Mtu wa zamu ya asubuhi aliona kwamba njia ya panga imekauka na mguu wa kukanyagia unakwama. Mafuta yalikuwepo, juu ya rafu. Akasema: hii si ya baba yangu, na mimi natoka. Jioni ndugu yetu akakanyaga, panga halikushuka. Akaingiza mkono kusogeza bati, likashuka. Alipoteza vidole viwili. Yule wa asubuhi hakumchukia, hata jina lake hakulijua vizuri. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tunaongeza kwamba mara nyingi anayejenga ule ukuta si yule aliyeuona ufa.

5. Jibu la muzee, na swali jingine

Turudi mkutanoni. Muzee alikunja kitambaa chake polepole, kisha akamjibu kijana:

« Mutoto yangu, muzungu hayuko tena, miye najua. Lakini pale Panda kuko wazee wanne banavutaka tumbako ya kusokota. Meno haiko, kisu kubwa inawakata vidole. Banakujaka kwangu, nabakatia. Kile kisu nasafishaka juu ya mutu mwenye atakuja. »

Tungeweza kumalizia hapa na kupiga makofi. Lakini mama mmoja, muuguzi wa zamani, hakuridhika. Kwanza alisema kwamba tumbako ni sumu ya mapafu, na hilo hatulifichi. Kisha akauliza:

« Muzee, na fimbo je? Ile ya ngozi ya kiboko? »

Wasomaji wadogo pengine hawajui. Fimbo ile ilipiga watu wa Kongo mpaka ilipokatazwa mwaka wa 1959. Ni ngozi, na ngozi isipopakwa mafuta inakauka na kupasuka. Kuko mtu aliyeipaka mafuta, na pengine aliifanya kazi ile vizuri sana, kwa usafi na bidii. Tuseme alikuwa mtu mwema?

Muzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema: « Ile ningeiacha ikauke. Kazi yake ni mugongo ya mutu. »

Kwa maoni yetu, jibu lote liko pale. Kutunza chombo si wema peke yake, hata kikiwa king'aavu namna gani. Wala si utumwa peke yake, hata kama tulijifunzia chini ya mtu mbaya. Inatupasa kuuliza chombo hiki kitamfanyia nini mtu anayekuja nyuma yetu. Kama kitamsaidia, tukipake mafuta, hata kama mwenyewe alikufa, alikimbia, ama ni serikali isiyotulipa. Kama kazi yake ni mgongo wa mtu, tukiache kikauke. Yule kijana alikuwa anauliza chombo ni cha nani. Muzee, bila kusoma vitabu, alikuwa ameacha kuuliza vile miaka mingi.

Kumalizia

Muzee amekwisha kufariki. Mbele ya kufa alituachia kisu, kwa sababu wale wazee wanne walikuwa wamemtangulia, na watoto wake walikwenda Lubumbashi na Kolwezi kutafuta kazi. Tulikipokea kwa maneno marefu. Tukakiweka ndani ya kabati la chama, tukafunga kwa ufunguo.

Lazima tuungame. Masika ya kwanza yalipita, hakuna mtu aliyefungua kabati. Kila mmoja alifikiri mwenzake anafanya. Tulipokitoa mwezi wa nne, mapanga yalikuwa yameshikana na kutu imezunguka tundu lote. Sisi tulioandika hotuba juu ya urithi, tusio na njaa siku ile, wenye alikoli na mafuta ya cherehani palepale, tulifanya kama yule mtu wa zamu ya asubuhi.

Tulikisafisha. Kilichukua siku mbili, na alama ya kutu haikutoka yote. Sasa ndani ya kabati kuna daftari, na kila jumapili mtu mmoja anakisafisha, anakijaribu kwa karatasi na kuandika jina lake. Wengine wanauliza kuna faida gani, maana hakuna tena mwenye kukatiwa tumbako. Tunawajibu kwamba katika kabati lile kuna pia mashine ya kuchapia ya chama, cherehani ya akina mama, na sanduku la dawa na mkasi wake. Anayefungua kwa ajili ya kisu anaviona vyote.