Mafaili Sugu na Swali la Msamaha

Kompyuta ya nyumbani iliyotumika kwa miaka kumi na zaidi huhifadhi mengi kuhusu watu wa nyumba hiyo kuliko wanayoyakumbuka wao wenyewe. Katika kata ya Igamba, wilayani Mbozi, mkoani Songwe, ambako mashine moja yaweza kutumiwa na mwalimu anayeandaa mitihani, kijana anayeomba mkopo wa chuo na mzee anayefuatilia bei ya kahawa, masalia ya shughuli zao zote hubaki ndani yake, na siku mwenyewe anapotaka kuyaondoa hukuta kwamba baadhi hayaondoki. Jambo hili huhesabiwa kuwa kazi ya fundi, na kwa sehemu kubwa ndivyo lilivyo. Hata hivyo limebeba swali ambalo wanateolojia na wanafalsafa wamelijadili kwa karne nyingi, nalo ni kama kilichokwisha kutendwa chaweza kufutwa, na kama chaweza, ni nani mwenye uwezo wa kukifuta.

Yafaa kwanza kuyaeleza mafaili yenyewe. Kivinjari, yaani programu inayofungua kurasa za intaneti, huchukua nakala ya picha, maandishi na maelekezo ya kila ukurasa na kuziweka kwenye diski, mahali paitwapo kache, ili ukurasa ukifunguliwa tena usilazimike kuletwa upya kutoka mbali. Kwa mtu anayenunua bando kwa mafungu madogo, hiyo ni faida kubwa. Pamoja na kache huwekwa vidakuzi, ambavyo ni vipande vifupi vya maandishi vinavyotumwa na tovuti ili imtambue mgeni wake anaporudi. Vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa sababu seva, yaani kompyuta inayotoa kurasa, haikuwa na namna ya kujua kwamba anayebisha hodi sasa ndiye yule aliyebisha dakika moja kabla. Mafaili haya yote huitwa ya muda, ingawa katika kompyuta kuukuu muda huo hupimwa kwa miaka.

Usugu wake una sababu mahususi. Katika mfumo wa Windows XP, uliotolewa Oktoba 2001, kivinjari cha Internet Explorer kiliandika orodha ya kila kilichohifadhiwa na kila tovuti iliyotembelewa katika mafaili yenye jina index.dat, ambayo kazi yake ilikuwa ni ya daftari. Mfumo hulifungua daftari hilo mara tu mtumiaji anapoingia kwenye akaunti yake, na haulifungi mpaka atoke. Kwa hiyo akijaribu kulifuta hujibiwa kwamba faili linatumika. Hata amri ya kivinjari ya kusafisha historia, ambayo iliondoa picha na kurasa, ililiacha daftari mahali pake, na mara nyingi majina ya tovuti yaliendelea kusomeka ndani yake baada ya tovuti zenyewe kutoweka kwenye orodha inayoonekana. Kabrasha lililoyatunza mafaili hayo lilifichwa kiasi kwamba halikuonekana hata kwa mtu aliyeagiza makabrasha yote yaliyofichwa yaonyeshwe. Mafundi waliolielewa jambo hili walitoka kabisa kwenye akaunti husika, wakaingia kupitia akaunti nyingine yenye mamlaka ya msimamizi, kisha wakalifuta daftari kutoka huko.

Hapa pana jambo linalostahili kutazamwa kwa utulivu. Kinacholifanya faili lisifutike ni kuwepo kwa mtumiaji mwenyewe: madhali yumo ndani, daftari limefunguliwa kwa ajili yake, na kila juhudi anayoifanya kulifuta hufanyika kwa kutumia mfumo uleule unaolishikilia. Hoja ya namna hii ndiyo iliyowatenganisha Pelagius na Augustino mwanzoni mwa karne ya 5. Pelagius, mwalimu wa maisha ya kujinyima aliyetoka Britania, alifundisha kwamba binadamu amepewa utashi ulio huru na mzima, na kwamba akiijua sheria na kuona mifano mema aweza kuiacha dhambi kwa nguvu zake. Augustino, askofu wa Hippo katika nchi inayoitwa leo Algeria, alijibu kwamba utashi unaotakiwa kufanya usafi ndio huohuo ulioshikwa, na kwamba msaada hauna budi kutoka nje ya nafsi, msaada ambao teolojia huuita neema. Mtaguso wa Karthago wa mwaka 418 uliuunga mkono upande wa Augustino. Kanisa la Moravian, ambalo wamisionari wake wa Kijerumani walifika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19 na ambalo hadi leo lina waumini wengi mkoani Songwe, limeurithi msimamo huo kwa njia ya mageuzi ya Martin Luther.

Mfuasi wa Pelagius hakosi jibu. Aweza kusema kwamba akaunti ya msimamizi nayo ni ya mwenye kompyuta, na nywila yake aliiweka mwenyewe, hivyo aliyetoka na aliyeingia ni mtu mmoja aliyeamua kusimama mahali tofauti. Jibu hili lina nguvu kuliko wapinzani wa Pelagius walivyokuwa tayari kukubali, na linakaribiana na fundisho la Kiislamu kwamba kila mtu huzaliwa katika fitra, yaani maumbile yaliyonyooka, na kwamba toba ni tendo la mja mwenyewe, ingawa kuikubali ni kwa Mola wake. Hata hivyo halitoshi. Nafsi ya binadamu haina akaunti ya pili ambayo haikuguswa na matendo ya ile ya kwanza. Anayejihukumu leo hutumia dhamira ileile iliyonyamaza jana. Kwa hilo Augustino aliiona hali ya mtu kwa macho makali zaidi.

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza: daftari likishafutwa, ni nini hasa kilichotokea? Katika diski za kizamani zinazohifadhi kwa sumaku, kufuta faili hakuliharibu. Mfumo huondoa jina lake katika jedwali la mafaili na kutangaza kwamba nafasi lililoikalia ni huru. Yaliyomo hubaki kama yalivyokuwa mpaka faili jipya liandikwe juu yake, jambo linaloweza kutokea baada ya saa moja au lisitokee kamwe. Programu za kurejesha mafaili hufanya kazi kwa sababu hiyo. Kilichopotea ni njia ya kukifikia kitu, na kitu chenyewe kipo.

Tofauti hiyo kati ya njia na kitu inagusa utata mkubwa katika maandiko. Nabii Yeremia, katika sura ya 31, anatangaza kwamba Mungu ameahidi kutoikumbuka tena dhambi ya watu wake, na Isaya katika sura ya 43 anasema jambo lilelile. Lakini Mungu wa manabii hao ni mjuzi wa yote, na mjuzi wa yote hawezi kusahau, kwa kuwa kusahau ni upungufu wa ujuzi. Wafasiri wengi wametoka katika utata huu kwa kusema kwamba kutokukumbuka kwa Mungu ni kutokuhesabu: ujuzi upo, ila hauitwi tena mbele ya hukumu. Maelezo haya yanaridhisha kwa kiasi, na ufutaji wa kompyuta huyafanya yaeleweke upesi; lakini kufanana huko kunakoma mapema. Faili lisilo na jina kwenye jedwali halina ulinzi wowote, na yeyote mwenye chombo cha kulitafuta aweza kulirudisha, ilhali dhambi iliyosamehewa, kwa mafundisho ya manabii hao, inalindwa na ahadi ya anayeijua.

Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilipambanua jambo hili katika kitabu chake cha kufafanua majina mazuri ya Mwenyezi Mungu. Alieleza kwamba kusitiri dhambi ni daraja moja, na kuifuta isibaki athari ni daraja la juu zaidi, na kwamba Mwenyezi Mungu anasifika kwa yote mawili. Karne tisa baadaye Avishai Margalit, mwanafalsafa wa Israeli, katika kitabu chake kuhusu maadili ya kumbukumbu kilichotoka mwaka 2002, aliyatazama madaraja hayohayo kwa upande wa binadamu na akaegemea lile la chini. Aliona kwamba mtu anayesamehe hawezi kujiamuru asahau, kwa sababu kusahau hakutokani na uamuzi. Anachoweza kuamua ni kutolifanya kosa kuwa sababu ya matendo yake tena. Wawili hao hawapingani kama inavyodhaniwa kwa haraka. Al-Ghazali anamzungumzia aliye na uwezo wa kufuta kweli, na Margalit anawazungumzia wasio na uwezo huo. Mzee wa ukoo anayewapatanisha ndugu waliogombania shamba la kahawa hawadai wasahau mpaka uliohamishwa. Anadai mpaka huo usitajwe tena msibani wala harusini, na akifanikiwa katika hilo amefanikiwa.

Hata ufutaji ulio kamili kuliko wote, ule wa kuandika upya diski nzima, una mpaka wake, kwa sababu kompyuta ya Igamba haikuwa peke yake. Seva iliyotoa ukurasa ina kumbukumbu yake ya nani aliuomba na saa ngapi, na usafi wa nyumbani haufiki huko. Mwaka 2014, tarehe 13 Mei, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la Mario Costeja González, raia wa Hispania aliyetaka tangazo la mwaka 1998 kuhusu mnada wa mali yake lisitokee tena jina lake linapotafutwa. Mahakama iliitaka Google iondoe kiungo, na gazeti la La Vanguardia lililochapa tangazo halikulazimishwa kuondoa ukurasa wake. Kwa mara nyingine ilifutwa njia, kitu kikabaki, na jina la mdai likajulikana dunia nzima kwa habari ileile aliyotaka isahaulike. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayompa mhusika njia ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe au zifutwe na anayezishikilia. Ombi hilo hupelekwa kwa mwingine, na mtu hawezi kujijibu mwenyewe.

Wanazuoni walikuwa wameliona hili zamani. Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye vitabu vyake husomwa katika madrasa za pwani hadi leo, aliandika kwamba toba ya dhambi iliyo baina ya mja na Mola wake ina masharti matatu, yaani kuiacha dhambi, kuijutia na kuazimia kutoirudia, na kwamba dhambi inayogusa haki ya mtu mwingine ina sharti la nne, ambalo ni kumrudishia mwenye haki haki yake. Katika Injili ya Luka, Zakayo mtoza ushuru aliahidi kurudisha mara nne. Hakuna katika mafundisho haya anayeruhusiwa kusafisha upande wake wa daftari na kuuacha upande wa jirani kama ulivyo, na hapa ndipo mazungumzo ya siku hizi kuhusu faragha, ambayo hutazama zaidi namna ya kujificha, yalipo mepesi mno.

Tena si kila masalia yanastahili kuondolewa. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya aliyefariki mwaka 2019, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba marehemu huendelea kuwa miongoni mwa walio hai, katika wakati aliouita Sasa, maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na kwamba akifa wa mwisho aliyemjua huzama katika Zamani. Wenzake walimkosoa, na kwa haki, kwa kuzijumlisha jamii nyingi katika mpango mmoja wa wakati. Hata hivyo wazo lake la msingi lina uzito mbele ya kompyuta ya marehemu: orodha ya kurasa za mwisho alizofungua baba, za dawa ya magonjwa ya kahawa au za mahubiri, yaweza kuwa ndiyo maandishi pekee aliyoyaacha bila kukusudia. Wilaya hiyohiyo ya Mbozi ina kimondo cha chuma chenye uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, kilichoanguka zamani sana hata shimo lake halionekani tena. Kitu kimebaki, na habari ya siku ya kufika kwake imepotea kabisa. Anayefuta pasipo kuchagua huwaachia watoto wake urithi wa namna hiyo.

Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Internet Explorer ilistaafishwa tarehe 15 Juni 2022, hivyo hakuna marekebisho yatakayoletwa kwa mashine hizo kuukuu. Mwenye kompyuta ya namna hiyo anayekusudia kuiuza mjini Tunduma au kumpa jirani anapaswa kwanza kunakili picha na barua za wanafamilia, kuwauliza wote walioitumia ni kipi wanataka kibaki, kufuta mafaili ya muda kupitia akaunti nyingine, kisha kuiandika upya nafasi iliyo wazi, kazi ambayo Windows XP ya toleo la Professional huifanya kwa amri yake iitwayo cipher. Nywila zilizomo humo si zake peke yake, na asiuze ruhusa ambayo hakupewa.