Saa ya Kutua
Mtu wa Nakuru anayeishi Minnesota au Massachusetts, anapotaka kurudi nyumbani, hukabiliwa na uamuzi ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa wa kifedha tu: ama apite Doha, Addis Ababa au Amsterdam na kungoja huko saa kadhaa kwa nauli nafuu, ama alipe zaidi kwa ndege isiyotua njiani, kama ile ya Kenya Airways iliyoanza kuunganisha Nairobi na New York Oktoba 2018. Uamuzi huo una upande wa kidini pia, kwa sababu tiketi ikishanunuliwa, jamaa zake walio Nakuru, wa Njoro, Lanet au Bahati, humweka mikononi mwa Mungu kwa maombi, na hapo huzuka swali la zamani: aliyekwisha kukabidhiwa kwa Mungu amebakiwa na wajibu gani wa kujichunga?

Wanazuoni wa Kiislamu hulijibu kwa dhana ya tawakuli, yaani kumtegemea Mungu kwa moyo wote baada ya kutimiza yaliyo katika uwezo wa mtu, ndiyo maana Mtume alimwelekeza aliyemuuliza amfunge ngamia wake kwanza, kisha ategemee. Wakristo, ambao ndio wengi Nakuru, wanayo hoja ya jirani katika sura ya 4 ya Injili ya Mathayo, ambamo Yesu anakataa kujitupa kutoka juu ya hekalu, kwa kuwa kujitia hatarini makusudi ili uokolewe ni kumjaribu Mungu.

Mafundisho haya yanadai juhudi bila kusema iishie wapi, na hapa Aristotle anafaa, kwani alishikilia kwamba binadamu hutafakari juu ya yale tu yaliyo katika uwezo wake. Yapo yaliyo nje kabisa ya uwezo wa msafiri: ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi iliua watu wote 157, Wakenya 32 miongoni mwao, kwa sababu ambayo hakuna abiria ambaye angeweza kuisoma kwenye tiketi: programu ya Boeing 737 MAX, ikipotoshwa na kihisi kimoja chenye hitilafu, iliielekeza pua ya ndege chini tena na tena. Kusema kwamba waliopanda walikosa busara, au kwamba imani yao ilipungua, ni dhuluma kwa wafu. Wajibu wa kujua ulikuwa wa walioiunda ndege na wa waliopewa mamlaka ya kuikagua.

Lipo hata hivyo jambo moja kwenye tiketi ambalo mtu wa Nakuru hulielewa kuliko mhandisi yeyote, nalo ni saa ya kutua. Ndege nyingi za Ulaya hufika Nairobi usiku, na kutoka hapo hadi Nakuru zimebaki takriban kilomita 160 za barabara ya malori yaendayo Uganda, kupitia Kinungi, Naivasha na Gilgil, penye ukungu na trela zilizokwama bila taa. Huko Karai, karibu na Naivasha, usiku mmoja wa Desemba 2016, lori lenye shehena ya kuwaka liligonga magari mengine na kulipuka, watu zaidi ya 30 wakafa. Baada ya ajali ya Migaa, mbele ya Nakuru upande wa Salgaa, iliyoua watu 36 tarehe 31 Desemba 2017, serikali ilipiga marufuku kwa muda mabasi ya abiria kusafiri usiku. Hatari hii haimhusu msafiri peke yake, kwani jamaa huja kumlaki kwa matatu ya kukodi, wazee kwa watoto, na dereva aliyeshinda kazini tangu alfajiri. Nafuu ya nauli inageuka kuwa hatari ya watu ambao hawakuulizwa, na hakuna awezaye kutawakali kwa niaba ya mwingine bila ridhaa yake.

Anayefanya zamu mbili za kutunza wagonjwa ugenini hawezi kulaumiwa kwa kuchagua tiketi ya bei ya chini, lakini anaweza kulala Nairobi hadi kupambazuke. Wengi huona huo ni ubaridi, mtu kukaa ughaibuni miaka kisha akalala Nairobi ilhali mama yake anamngoja, na hisia hiyo haifai kubezwa, kwa kuwa imetoka katika upendo. Kwa hiyo mama huyo na atajiwe saa ya kutua kabla tiketi haijalipiwa, aseme mwenyewe kama ataingia barabarani usiku, na neno lake lipimwe kabla ya nauli.