Mgeni wa Kichwa cha Luzira

Kiswahili humwita mgeni mtu asiyejulikana, na kwa neno hilohilo humwita mtu aliyekaribishwa. Anayebisha hodi usiku kwa sauti tusiyoitambua ni mgeni. Shangazi aliyeteremka kwenye basi la Masaka na mkungu wake wa matoke ni mgeni pia. Makumbusho nayo huwaita wageni watu wote wanaopita mlangoni. Swali langu katika insha hii ni kama mtu anaweza kuwa mgeni mbele ya kitu kilichotoka kwao. Na akishafanywa mgeni, ni nani mwenye deni, yeye au mwenyeji wake?

Swali hili sikulipata katika kitabu cha falsafa. Nimelipata kwenye njia ya teksi. Ninaishi Bugolobi, upande wa fleti za zamani, na kutwa nzima makondakta kwenye barabara ya Port Bell huita "Luzira, Luzira". Kwa wananchi wengi wa Uganda Luzira ni mambo mawili, bandari na gereza. Ukisikia kwamba fulani amepelekwa Luzira, huulizi kama amekwenda kuvua samaki. Lakini kuna jambo la tatu ambalo majirani zangu wengi hawajawahi kulisikia. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba kwenye kilima cha gereza walikuta vipande vya sanamu za udongo wa kuchomwa. Kimojawapo ni kichwa cha mtu, chenye uso kamili. Watafiti wanakadiria kwamba kina umri wa takriban miaka elfu moja, na katika eneo letu lote la Maziwa Makuu ni vigumu kutaja sanamu nyingine ya kukilinganisha nayo. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni, alivipeleka vipande hivyo Uingereza, na mwaka 1931 vikaandikishwa katika British Museum. Huko ndiko viliko hadi leo. Kutoka chumbani kwangu hadi mahali vilipotoka ni dakika chache za boda boda.

Kabla sijalalamika, nieleze upande wa pili kwa haki. Rafiki yangu anayesoma Kifaransa alipata nafasi ya masomo mafupi Paris, akaenda kwenye makumbusho ya quai Branly, yale yaliyofunguliwa mwaka 2006 kando ya mto Seine. Ripoti iliyoandikwa mwaka 2018 na Felwine Sarr wa Senegal na Bénédicte Savoy wa Ufaransa ilikadiria kwamba makumbusho hayo peke yake yana vitu vipatavyo 70,000 kutoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara. Rafiki yangu alirudi akisimulia giza la humo ndani, jinsi taa ndogo zinavyokiangaza kila kitu kana kwamba kinapumua, na jinsi alivyokaa mbele ya kiti kimoja cha kuchonga mpaka mlinzi akamwambia kwamba wanafunga. Alifurahi sana, wala hakuona haya kusema hivyo. Kisha akatuuliza, "Nisingekwenda Paris, nisingekiona maishani mwangu. Sasa nishukuru au nikasirike?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Wako wanaosema ashukuru. Vitu hivyo, wanasema, vingeliwa na mchwa, vingechomwa katika vita, vingeuzwa na watoto wa wenyewe. Makumbusho makubwa yamevihifadhi kwa ajili ya binadamu wote, na British Museum haidai hata kiingilio. Hoja hii ina nguvu kuliko tunavyopenda kukubali. Kichwa cha Luzira ni udongo; kingeweza kusagika chini ya gurudumu la toroli siku ileile kilipoonekana. Wayland alijua kwamba kilichokuwa mbele yake kilikuwa kitu cha thamani, na kujua huko ndiko kulikokiokoa.

Jibu la haraka ni kwamba mlango wa London ni wa bure lakini njia ya kuufikia si ya bure. Kuna viza, kuna taarifa za benki za miezi kadhaa, kuna barua ya mwajiri, kuna nauli. Mwanamke anayeuza nyanya katika soko la Bugolobi amo katika "binadamu wote" wanaotajwa, lakini hayumo katika orodha ya watakaoingia. Jibu hilo ni kweli, ila mimi haliniridhishi. Tuseme kesho viza ifutwe na ndege iwe bure. Je, malalamiko yangu yatakuwa yamekwisha? Naona hapana, na hapo ndipo swali linapoanza kuwa gumu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hii kuwacheka wageni wanaokaa mno, lakini ndani yake kuna maelezo mazuri ya tofauti kati ya mgeni na mwenyeji. Mgeni huletewa, huonyeshwa, hupewa kiti. Mwenyeji ana jembe. Anaruhusiwa kushika vitu vya nyumba, kuvihamisha, kuviita kwa majina anayoyataka, kuvitumia, hata kuvichosha. Tena methali inasema kwamba mgeni anaweza kuvuka mpaka huo: siku ya tatu anapewa kazi, na kwa kazi hiyo anaanza kuwa mtu wa nyumbani. Katika makumbusho siku ya tatu haifiki. Hata ukienda mara mia, utatazama tu. Usiguse, usivuke kamba, pita upande huu. Furaha ya rafiki yangu kule Paris ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa furaha ya siku ya kwanza.

Kwa hiyo kilichokwenda London mwaka 1931 si nafasi ya kukiona kichwa peke yake. Kukiona kumekuwa rahisi, picha yake inapatikana kwenye simu yoyote. Kilichoondoka ni kazi: kukiuliza maswali, kukitafutia jina, kugombana juu ya maana yake, kuwafundishia watoto.

Niliithibitisha fikra hii kwa jirani yetu mmoja, afande mstaafu wa Magereza. Tunazungumza naye Kiswahili kwa sababu ndicho alichozoea kazini. Wengi wetu hapa Kampala tulianza kukisikia kwa watu wa vyombo vya ulinzi, na hiyo ndiyo sababu moja ya baadhi ya majirani kukiogopa, lakini hilo ni somo la insha nyingine. Nilimwonyesha picha ya kichwa. Akavaa miwani, akakitazama kwa muda.

"Huyu kafungwa miaka mingapi?" akauliza.

"Tangu 1931, afande."

"Hata wa kifungo cha maisha hafiki huko, mwanangu."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia. Nani alikichimba? Nikamwambia ni wafungwa. "Ndiyo, wafungwa. Majina yao?" Nikamweleza kwamba katika maandishi niliyoyasoma jina linalotajwa ni la Wayland, wachimbaji hutajwa kwa wingi tu, "wafungwa". Afande akatikisa kichwa. Gereza, alisema, haliwezi kukosa majina. Mfungwa anayetoka kwenda kazini huandikwa asubuhi na kuhesabiwa jioni, na hesabu isipotimia hakuna afisa anayelala. Kwa hiyo waliokitoa kichwa ardhini waliandikwa mahali fulani, kwa jina na kwa kosa.

Mimi nilikuwa nimesoma habari ya kichwa mara nyingi na sikuwahi kuuliza swali hilo. Yeye aliuliza mara ya kwanza kukiona, kwa sababu alikuwa na jembe lake: ujuzi wa miaka mingi wa jinsi gereza linavyofanya kazi. Mtafiti aliye London anaweza kujua joto la tanuri lililochoma udongo ule. Swali la daftari la asubuhi lilitoka kwa mtu wa Luzira.

Sasa nijibu pingamizi linaloniuma zaidi, nalo ni kwamba kichwa hicho si changu. Wazazi wangu walitoka Tororo. Bugolobi imejaa watu kama sisi, waliokuja mjini kutafuta kazi. Hata Baganda wenyewe hawawezi kusema kwa hakika kwamba mfinyanzi wa miaka elfu moja iliyopita alikuwa babu yao. Hatujui alizungumza lugha gani wala aliamini nini. Anayedai kichwa kwa njia ya damu atashindwa mapema. Lakini mimi sidai kwa damu. Nadai kwa jembe. Watu wanaoishi juu ya kilima fulani ndio wanaokichimba, wanaojenga juu yake, wanaokutana na vigae vingine wanapotengeneza choo, na ndio watakaoamua kuvitupa au kuvihifadhi. Kazi hiyo wanayo wakitaka wasitake. Kuwanyima kitu kinachoipa kazi hiyo maana ni kuwafanya wageni katika ardhi wanayoilima.

Je, kurudishwa kunatosha? Hapa historia ya Uganda ina mfano ambao watu wa Ulaya wanaojadili mambo haya leo huusahau. Mwanzoni mwa karne ya 20 mmisionari John Roscoe alivipeleka Cambridge vitu vitakatifu vya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, pamoja na mabaki ya mwili wake. Mwaka 1962, mwaka wa uhuru, vilirudishwa Uganda. Virudi wapi? Katika Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na kuhamia katika jengo lake la Kitante mwaka 1954. Makumbusho hayo zamani watu waliyaita kwa Kiganda Enyumba y'Amayembe, nyumba ya mayembe, yaani ya hirizi na vitu vya nguvu, kwa sababu ndivyo walivyoona vikikusanywa humo. Jina hilo lina dhihaka na hofu pamoja.

Mimi si muumini wa Kibuuka, na nyumbani kwetu kumtaja tu kungenipatia karipio na maombi ya usiku kucha. Lakini najaribu kumfikiria anayemwamini. Anakwenda Kitante kwa mungu wake kwa njia ileile ninayokwenda mimi kutazama visukuku vya wanyama: mlango uleule, saa zilezile za kufunga. Kibuuka amefika nchini. Mtu wake bado ni mgeni.

Mwezi Juni 2024 vitu vingine 39 vilikuja Kampala kutoka Cambridge, baadhi yake vilivyokusanywa na Roscoe huyohuyo. Nilifurahi niliposoma habari hiyo. Kisha nikasoma sharti: vimekuja kwa kuazimwa, kwa miaka mitatu, muda ambao unaweza kuongezwa. Linganisha na vitu 26 vya wafalme wa Abomey ambavyo jeshi la Ufaransa lilivichukua mwaka 1892. Ufaransa ilitunga sheria mwaka 2020, na mwaka 2021 ikavirudishia Benin moja kwa moja, umiliki na yote. Uingereza ina sheria yake ya mwaka 1963 inayoizuia British Museum kutoa vitu vyake isipokuwa katika hali chache. Cambridge haiko chini ya sheria hiyo, na bado imechagua neno kuazima. Tumeazimwa vya kwetu. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo sentensi hiyo inachekesha na kuumiza kwa kiasi hikihiki.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba umiliki ndio kila kitu, kwa sababu Kibuuka ni wetu kwa karatasi tangu 1962. Kipimo ninachokipendekeza ni kingine. Usiulize makumbusho yana wageni wangapi wala walifurahi kiasi gani. Uliza kama kuna mtu yeyote anayeingia humo bila kuwa mgeni. Makumbusho ya Uganda yaliwahi kuwa na watu wa namna hiyo. Katika miaka ya 1950, chini ya Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekimbia Ujerumani ya Hitler, wanamuziki waliletwa ndani ya jengo wapige ala zilizokuwa zimehifadhiwa. Zeze halikuwa la kutazamwa tu. Liliharibika na likatengenezwa, na aliyelipiga alijua mambo ambayo kibandiko chini ya kioo hakikuweza kuyasema. Mpigaji yule hakuwa mgeni. Nikienda Kitante na kuona watoto wa shule wamepanga mstari, daftari mkononi, wakinakili vibandiko neno kwa neno, natamani mmoja wao apewe ngoma.

Na kichwa cha Luzira? Kikirudi kesho, sitaki kiwekwe tu kwenye kioo kingine, hata kikiwa kioo cha Kitante. Ningependa kwanza kipelekwe kilimani siku moja, kwa wafungwa na maafande, kwa kuwa wenzao ndio waliokitoa. Wengine wataniambia kwamba gereza si mahali pa maonyesho na kwamba usalama hauruhusu. Labda. Ningeomba basi daftari la mwaka 1929 litafutwe, na majina yabandikwe mahali kichwa kitakapokuwa, iwe Kampala au London.

Miaka mitatu ya vitu vile 39 inatimia 2027. Wakati huo nitakuwa nimemaliza shahada yangu, na pengine nitakuwa natafuta kazi. Nitakwenda Kitante kuangalia kama vimefungwa kwenye masanduku kwa safari, na kama kuna mtu wa Uganda, mbali na mlinzi, aliyewahi kuvishika.