Haki ya Njia na Siha ya Maskini

Ndugu Waislamu, Shirika la Afya Duniani latuusia tuushughulishe mwili kwa uchache dakika 150 kila wiki. Usia huu ni mwema. Lakini je, maskini asiyetembea ni wa kulaumiwa? Tazameni Bura ya Taita, kando ya njia ya Voi na Taveta: watu wake ni watembezi wa vilima, lakini ndovu wa Tsavo watokapo, njia hufungika kwa khofu. Huko kizuizi ni mnyama. Huku mijini kwetu kizuizi ni sisi, tumwagao taka na kuzidisha baraza zetu hata zikaila njia. Mtume (s.a.w.) ametufunza kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Basi na tuifungue njia kwanza, ndipo tumlaumu aliyeketi.