Kinachoweza Kwenda Bila Maji

Viko vitu ambavyo ukivinyima maji hugoma papo hapo, na viko vitu ambavyo ukivinyima maji huendelea na kazi kana kwamba hapakutokea jambo. Swali ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji, ni hili: maji yanapokuwa machache, je, ni haki kumpa kwanza yule asiyeweza kwenda bila hayo, na kumwacha yule anayeweza? Wengi watajibu upesi kwamba ni haki. Mimi nami hujibu hivyo. Lakini jibu hilo lina mwiba ndani yake, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiupapasa nisiujue umelala upande gani.

Lililonirudisha kwenye swali hili ni jambo dogo la ugenini. Mjukuu wangu anaishi Ujerumani, na yeye na mkewe wana gari ambalo ni nyumba: lina kitanda, jiko, bafu na meza ya kulia, vyote juu ya magurudumu manne. Husafiri nalo hata katika majira ya baridi kali. Aliponipigia simu nilimwuliza kama wana maji, maana kwetu Singida hilo ndilo swali la pili baada ya kujuliana hali. Akajibu, "Babu, maji tumeyamwaga yote." Nikadhani sikusikia vizuri. Wamemwaga maji, na hita inawaka!

Alinieleza kwa subira, kama mimi nilivyomweleza yeye hesabu za sehemu alipokuwa mdogo. Hita yao ni chombo kimoja chenye kazi mbili. Katikati unawaka moto wa gesi. Moto huo hupasha hewa, nayo hupulizwa na feni hadi kitandani. Na kuuzunguka moto huo huo kuna tangi dogo la lita 10 hivi za maji ya kuoga. Baridi ikishuka chini ya sifuri maji huganda, na yakiganda hutanuka kwa sehemu 9 hivi katika kila 100, na tangi lililojaa hupasuka. Hata kama ndani ya gari kuna joto, yako mabomba yanayopita chini ya sakafu ambako joto halifiki. Kwa hiyo hufungua koki, hutoa maji yote, huacha bomba zote wazi ili matone yaliyobaki yapate nafasi, kisha huwasha hita ikiwa kavu. Haidhuriki. Walioitengeneza wameandika katika kitabu chake kwamba yaweza kuwashwa bila maji. Tena baadhi ya hita hizo zina vali ambayo, baridi ikikaribia nyuzi 3, hufunguka yenyewe na kumwaga maji nje bila kumwomba mtu ruhusa. Hapo nilicheka. Huku kwetu, anayemwaga lita 10 usiku bila kuuliza angeitwa na wazee asubuhi.

Kisha akaongeza neno lililoninyamazisha. Yako magari mengine ya namna hiyo ambayo hayapulizi hewa ya moto. Joto lao husafirishwa na maji yanayozunguka katika mabomba ya ukutani, maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Katika magari hayo maji ni ya namna mbili. Ya kuoga waweza kuyamwaga na hita ikaendelea kuwaka. Yale ya mzunguko, ukiyamwaga, hapana joto tena. Mtu asiyejua, akiona koki mbili, zote zinatoa maji, ataulizaje ipi yafaa kufunguliwa?

Basi turudi nyumbani. Sisi hatuna hita, lakini tuna rejeta, na sheria yake kila utingo anaijua. Injini ya lori hutoa joto jingi kuliko inavyoweza kulistahimili; maji hulichukua joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo hulipunguza. Maji yakiisha, gasketi huungua, silinda hedi hupinda, na dereva asiposimama mapema injini hunoki. Hapo pesa ya kuitengeneza ni pesa ya ng'ombe kadhaa. Zilikuwapo pia gari zisizojua maji kabisa, kama ile Volkswagen ndogo ya mgongo wa kobe, iliyopozwa kwa hewa tupu. Mapadri na mabwana shamba waliokuwa nazo walipita kijijini wakati wa kiangazi bila kuomba hata kikombe. Sikumbuki mtu yeyote kuisifu Volkswagen kwa uvumilivu. Iliundwa hivyo, basi.

Shule niliyoiongoza ilikuwa upande wa Iramba, si mbali na barabara inayopanda Sekenke. Wanaoujua mlima ule kabla ya lami hawahitaji maelezo. Lori lililotoka Nzega na mzigo lilipanda kwa gia nzito, kona baada ya kona, utingo akitembea nyuma na kigogo mkononi tayari kuzuia tairi, na lilipofika juu aghalabu lilikuwa likitoa mvuke. Kiangazi cha mwaka 1997 kilikuwa kikali. Mvua za msimu uliotangulia zilikuwa haba katika sehemu nyingi za nchi, na zile mvua za El Niño zilizokuja baadaye kubomoa madaraja zilikuwa bado kuonekana. Tangi la saruji la shule lilikuwa kavu tangu Julai. Maji ya kupikia uji yalikuwa yale ambayo watoto walileta asubuhi, kila mmoja na kidumu chake, na wasichana wa darasa la sita na la saba na ndoo kichwani.

Siku moja ya Septemba likasimama lori lenye magunia, na juu ya magunia abiria kama kumi na tano, wawili kati yao wagonjwa. Dereva alikuja kwa adabu, akanipa shikamoo ingawa hatukupishana sana umri, akaomba maji ya rejeta. Alihitaji kama lita 30. Katika pipa la jikoni zilikuwamo lita 80 hivi.

Mama mpishi alikataa waziwazi. Alisema maji yale yamekuja juu ya vichwa vya watoto, na gari si mtoto. Mwalimu wa zamu alisema abiria wale pia ni watoto wa watu. Mzee mmoja wa kamati ya shule, aliyekuwa amekuja kwa shughuli nyingine, alisema maneno machache tu: mgeni akiomba maji hanyimwi, na hatujaambiwa kwamba mgeni lazima awe na miguu miwili. Niliamua dereva apewe. Alifunika kifuniko cha rejeta kwa tambara, akasubiri injini ipoe, kwa kuwa maji baridi yakimwagwa ghafla katika injini yenye moto huipasua, akajaza taratibu, akashukuru, akaondoka. Ningempa tena leo. Gari lile lingekwama pale, watu wale wangekuwa hawana maji wala usafiri, nasi tungelazimika kuwanywesha wote kwa siku mbili au tatu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na bado naiona sahihi.

Ila pipa lilibaki na pengo, nami nikawatuma wasichana wa darasa la sita waende kisimani. Mmoja wao, alipokuwa akisokota kata yake, alisema, bila kiburi, kama mtu anayetaja jambo la kawaida: "Mwalimu, gari likikosa maji linazimika. Sisi tukikosa maji tunatembea."

Nimeyatafakari maneno hayo kuliko maneno mengi ya wanafalsafa. Mtoto yule aliuona mwiba. Kanuni yangu ilisema: mpe asiyeweza, mwache anayeweza. Sasa tazama inavyofanya kazi. Gari linapata maji kwa sababu linazimika. Msichana hapati kitu kwa sababu hazimiki. Kadiri anavyovumilia, ndivyo anavyozidi kuombwa avumilie. Laiti angekaa chini na kulia, huenda siku ile angetumwa mwingine. Kanuni inayoonekana ya huruma huwa, ikitazamwa kutoka upande wa kisimani, ni kodi inayotozwa wavumilivu. Na kodi hiyo haina stakabadhi.

Angalia nyumba zetu. Katika ndugu saba yuko mmoja ambaye kila shida hupelekwa kwake, si kwa kuwa ana mali, bali kwa kuwa hajawahi kuonekana ameshindwa. Angalia wajane wanaolea wajukuu. Angalia walimu wa vijijini, ambao kwa miaka mingi mishahara yao ilichelewa huku kengele ikipigwa saa ile ile. Na kwa kuwa kengele ilipigwa, waliokuwa mbali walidhani hakuna kilichopungua. Mgomo husikika haraka. Anayeendelea kufundisha akiwa na njaa hahesabiwi kuwa ana njaa.

Kizazi changu kililelewa katika Azimio la Arusha la 1967, nasi tuliamini usawa kwa moyo. Tuliambiwa pia, katika mpango ulioanza mwaka 1971, kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini atapata maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka 1991 ulifika, ukapita, na sera ya maji ya mwaka 2002 ikazitaja tena mita zile zile 400. Sisemi hayo kwa kulaumu. Nchi ilikuwa na mengi, vita vya 1978 na 1979, mafuta ghali, pampu zisizo na vipuri. Nasema tu kwamba ile miaka yote ya kusubiri ilibebwa na mtu fulani, na alikuwa na kata kichwani. Nchi iliweza kungoja kwa kuwa yeye aliweza kutembea.

Hapa ndipo hita ya mjukuu wangu inaponisaidia. Neno "kuweza" tunalitumia kwa mambo mawili yasiyofanana. Hita yaweza kwenda bila maji, maana yake ni kwamba haipotezi chochote. Ikijazwa tena wakati wa kiangazi ni ile ile. Aliyeiunda alilijua jambo hilo, akaliandika. Msichana naye aweza kwenda bila maji, lakini maana yake ni kwamba hasara yake haionekani upesi. Siku ile alikosa kipindi cha hesabu. Kesho yake alikuwa akisinzia. Hakupasuka kama tangi wala hakunoki kama injini, akaisha kidogo kidogo mahali ambapo hapana kipimo. Kwa hita tuna kitabu cha mtengenezaji. Kwa msichana tulikuwa na mazoea tu: kwamba jana alikwenda, na juzi alikwenda. Mazoea si ruhusa.

Ndiyo maana nazikumbuka zile koki mbili. Mtu naye ana maji ya namna mbili. Yako yanayoweza kumwagwa wakati wa dhiki, nguo mpya, nyama ya Jumapili, heshima ya kukaa kiti cha mbele, naye akaendelea kuwaka. Na yako ya mzunguko: usingizi, masomo, neno la kuulizwa anaonaje. Anayemwamuru mwenzake kubana matumizi lazima ajue ameshika koki ipi. Na kwa kuwa kwa nje zafanana, sioni njia nyingine ya kujua isipokuwa kumwuliza mwenyewe, na kumwuliza kabla hajazimika.

Rafiki yangu mmoja, mzee mwenzangu aliyekuwa fundi wa magari, hakubaliani nami. Anasema ukianza kuuliza kila mtu, kila mtu atasema hawezi, na pipa litakwisha kabla ya majadiliano. Ana hoja. Kiangazi hakingoji mkutano. Kwa hiyo sisemi kanuni ile itupwe. Nasema anayepewa kwa sababu hawezi asiondoke bila deni kwa yule aliyeachwa kwa sababu anaweza. Deni hilo lilipwe na nani, na lini, hilo ndilo ambalo kamati nyingi hulisahau mara tu mvuke unapokoma.

Sisi tulilijaribu. Katika kikao kilichofuata kamati ilikubali kwamba dereva yeyote ataendelea kupewa maji ya shule, lakini utingo wake achukue madumu na kwenda kisimani kurudisha kipimo kile kile wakati injini inapoa. Na pale ambapo haiwezekani, kwa sababu ya mgonjwa au giza, basi kesho yake wataanza zamu wavulana wa darasa la saba, siyo wasichana wale wale. Wavulana walilalamika kuliko rejeta yoyote niliyopata kuisikia. Madereva wengine walinuna, wakaenda kuomba mbele zaidi. Wengine walikubali. Utingo mmoja alirudi bega limelowa na viatu vimejaa matope ya kisimani, akaweka madumu chini, akauliza kama watoto huenda kule kila siku. Mama mpishi akamjibu kwamba huenda mara mbili.