Mkono Mmoja Hauchinji Ng'ombe

Huko Bariadi, Usukumani, methali hii haihitaji mkalimani. Ng'ombe akishafungwa kamba na kulazwa, mmoja humshika pembe na kuivuta shingo ikae wazi. Mwingine ndiye mwenye kisu. Anayeshika hachinji, na mwenye kisu akiachwa peke yake ataambulia mateke. Maana ya juu juu ni ushirikiano. Ukiichimba zaidi, utaona kwamba mikono hiyo haifanyi kazi moja, ila kila mmoja unausubiri mwingine.

Ndivyo Kanisa Katoliki linavyofundisha juu ya kumjua Mungu. Mwaka 1870, Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulitamka kwamba akili ya binadamu, kwa kutazama viumbe, yaweza kujua kwa hakika kuwa Mungu yupo. Usukumani ushahidi upo: kabla wamisionari hawajafika Bukumbi mwaka 1883, wazee walikuwa na jina lake, Liwelelo. Mkulima wa pamba anajua kulima, kupanda na kupalilia; anajua pia kwamba mvua si kazi ya mikono yake. Hapo akili imeshashika pembe. Lakini kwamba Mungu ni Utatu, au kwamba Mwana alifanyika mtu, hayo hayapatikani kwa kuwaza. Mtu huyapokea kwa imani, Mungu mwenyewe akijifunua.

Na imani ikiikimbia akili? Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Fides et Ratio wa mwaka 1998, alionya kwamba huweza kugeuka ushirikina. Usukumani tunaijua gharama yake. Vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na "ushahidi" ni macho mekundu. Bibi amepika miaka mingi kwa kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni ni haba, ndani ya kibanda kisicho na dirisha. Akili ingeuona moshi. Imani ingemkumbusha mwenye panga kwamba bibi huyo ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mwenye panga huyo alikuja bila hata mmoja wa mikono hiyo.

Kwa hiyo mtoto wa komunyo ya kwanza akiuliza "kwa nini?", katekista asimkaripie kana kwamba ameleta ukaidi. Mtoto huyo ameshika pembe. Anamngoja mwenye kisu.