Weusi wa Mlango

Anayeusafisha mlango wa kale wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hutoa hukumu pale tu anapochagua kitambaa au msasa. Kitambaa kikavu na brashi laini huondoa kilichoujia mlango kutoka nje. Msasa hauchagui: huondoa masizi na mafuta, kisha huondoa makali ya patasi, hata ua la yungiyungi likabaki butu kama sabuni iliyotumika.

Kostiki soda hubandua rangi kweli, lakini hulegeza nyuzi za mbao na kuzibadilisha sura, ijapokuwa ni za msaji. Maji mengi huuvimbisha ubao, nao ukikauka husinyaa na kupasuka. Hata dawa ya kung'arishia njumu za shaba huacha unga mweupe ndani ya nakshi. (Mabingwa wa makumbusho, kwa unyenyekevu usiotarajiwa, hutumia pamba iliyoloweshwa mate ya binadamu, kwani vimeng'enya vyake huyeyusha uchafu pole pole.)

Lakini uchafu ni nini? Weusi ulio kwenye mfaa, ule mhimili wa katikati ulioshikwa na mikono ya vizazi, ni wa mlango au ni wa watu? Wapo wasemao kwamba fundi hakuutoa mlango ukiwa mweusi, basi haki yake ni kurudishiwa sura aliyoikusudia. Hoja hii ina nguvu kuliko wahifadhi wanavyopenda kukiri; wala mwenye nyumba halazimiki kuishi nyuma ya masizi ili macho ya wageni yastarehe. Ila mlango alioutoa fundi haupo tena chini ya masizi ukisubiri kufunuliwa. Ubao umezeeka pamoja nayo. Kinachojitokeza baada ya msasa ni mlango wa tatu, ambao hakuna aliyeukusudia.

Jambo huwa zito zaidi kwenye kizingiti cha juu, panapochongwa aya ya Qur'ani au mwaka wa Hijria. Herufi kadhaa za Kiarabu hutofautiana kwa nukta tu. Nukta ikisagwa, ba haipambanuki tena na ta, wala jimu na ha. Kijana aliyepewa msasa na ujira wa siku huenda hakuwahi kuambiwa kwamba pale pana maandishi, naye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuyaona.